Chumba Kisicho na Kosa

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwa fundi huyu wa mapazia ni kwamba haingii chumba kigeni bila kupiga kofi. Si makofi, ni kofi: moja tu, la viganja vilivyobonyea kidogo, kisha anainamisha kichwa kama mtu aliyebisha hodi na sasa anasubiri kukaribishwa. Siku alipoitwa kupima madirisha ya daktari wa meno, alisimama katikati ya chumba cha kusubiria, mkoba wa sampuli begani na futi kamba shingoni, akapiga paa! Wagonjwa watatu waliokuwa wameshika mashavu wakageuka kwa pamoja.

"Samahani jamani," alisema. "Nakisalimia chumba."

"Kimeitika?" akauliza mzee mmoja mwenye shavu lililovimba.

"Kimeitika mara nne, baba. Ndiyo maana mmekaa kama watu wanaosubiri hukumu. Daktari akitoboa jino moja mle ndani, nyinyi huku nje mnasikia manne."

Yule mzee alicheka hadi akalazimika kushika shavu kwa mikono miwili. Daktari, aliyekuwa amekusudia kununua neti nyepesi za kupunguza jua, aliishia kuagiza mapazia mazito yenye bitana, upana mara mbili na nusu ya dirisha ili mikunjo iwe ya kutosha. Yalipotundikwa, alisema kwamba wagonjwa wameacha kukumbuka shughuli za dharura pindi zamu zao zinapokaribia.

Fundi hakuzaliwa na kofi hilo. Alilipata miaka minne iliyopita, akiwa na miaka hamsini na mitano, kutoka kwa mteja aliyekuwa mwalimu wa muziki. Mwalimu huyo alitaka pazia la ukuta mzima, na fundi alipomfungulia sampuli ili achague rangi, alijibiwa kwamba rangi yoyote itafaa, hata ya tope, mradi pazia liue mwangwi. Fundi alidhani ni utani. Maishani mwake alikuwa ameshona mapazia ya kuzuia jua, ya kuzuia vumbi na ya kuzuia majirani. La kuzuia mwangwi lilikuwa halijamfikia mezani. Akalishona hivyohivyo, kwa wasiwasi. Lilipotundikwa, mwalimu alipiga kofi, kisha akamwambia naye apige. Chumba ambacho asubuhi kilikuwa kikijibu kila neno kwa ufidhuli, sasa kilikuwa kimetulia kama mtoto aliyeshiba. Miaka thelathini fundi alikuwa akitundika vitambaa bila kujua kwamba alikuwa akivifundisha vyumba adabu.

Siku hiyohiyo mwalimu akamwingiza kwenye kundi la simu liitwalo Sebule Yangu, lenye watu mia nne na ushee wanaopenda kusikiliza muziki majumbani mwao na kupeana ushauri. Walikuwamo manesi, madereva, karani wa mahakama, muuza vipuri na wengine ambao kazi zao hazikujulikana, kwani kundini kila mtu alikuwa na jina la kujibandika. Sharti la kuingia lilikuwa moja: ulete picha ya sebule yako, na sauti ya kofi moja ulilopiga humo. Picha ipigwe kabla ya kufagia wala kupanga, kwa sababu hata rundo la nguo ambazo hazijapigwa pasi linameza sauti, nalo lina haki ya kuhesabiwa. Basi watu waliokuwa nadhifu barabarani walijikuta wakiwaonyesha wenzao mia nne soksi zao.

"Hiyo ndoo ya nini hapo kwenye kona?" mmoja aliulizwa.

"Paa linavuja."

"Usiitoe. Huenda ndiyo inayotia besi."

Fundi alijibandika jina la Pindo. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa ameheshimika. Alisikiliza kofi la mtu mara mbili, akitazama picha, kisha akasema: "Dirisha lako la kulia ni la kioo kitupu na pazia lako ni jepesi kama uongo. Ongeza bitana." Nao waliongeza, na wakaja kushukuru. Wote walimwita Mzee Pindo. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama ni mwanamume, naye hakuona haraka ya kuwaeleza, maana heshima aliyokuwa akipewa mzee huyo ilimnogea.

Mtu mmoja tu ndiye aliyembishia, nayo ilikuwa shughuli ya kila wiki. Jina lake kundini lilikuwa Kipimo, na alikuwa ndiye mjuzi mkuu. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na michoro. Ukituma kofi lako, chai haijapoa amekurudishia mchoro wa milima na mabonde, na chini yake sentensi ileile: "Panga pembetatu kwanza." Alikuwa na maana kwamba spika mbili na kiti cha msikilizaji viwe na umbali sawa, kama ncha tatu za pembetatu, ili ala za muziki zisikike kila moja mahali pake, hii kushoto, ile kulia, mwimbaji katikati. Kipimo hakuwahi kusema kwamba muziki ni mtamu. Alisema "iko sawa" au "haiko sawa".

"Mzee Pindo, unajuaje kabla hujapima?" alikuwa akiuliza.

"Nimesikia."

"Kusikia si kipimo."

"Na mchoro si muziki, bwana mkubwa. Hebu tuachie nafasi tufurahi."

Hivyo ndivyo fundi alivyokuwa, mwenye furaha na sifa zake, hadi kaka yake alipostaafu.

Kaka alimzidi miaka saba. Alikuwa seremala katika kiwanda cha samani, akisimamia mashine ya kuranda mbao kwa miaka thelathini na minne. Mkewe alikuwa amefariki, na mtoto wake wa kiume alikuwa na familia yake mji mwingine, kwa hiyo alihamia kwa dada yake, ambaye naye alikuwa mjane mwenye vyumba viwili vya ziada. Alikuja na sanduku la nguo, kreti sita za santuri, mashine ya kuzichezesha, amplifaya nzito kama jiwe la kusagia, na spika mbili alizozichonga mwenyewe ujanani, ndefu hadi kiunoni, zenye kona zilizounganishwa bila hata msumari mmoja. Dada mtu alifurahi mno. Tangu utotoni, kwake kaka na muziki vilikuwa kitu kimoja. Huyu ndiye aliyekuwa akipiga santuri huku akiigiza tarumbeta kwa midomo, akiwavunja mbavu hadi mama yao anaunguza chakula.

Lakini kaka alizipanga spika sebuleni, akasikiliza siku mbili, kisha akazifunika shuka.

"Zimekufa," alisema. "Gitaa la pili halisikiki."

"Zimekufaje? Mimi nazisikia."

"Wewe unasikia mapazia."

Akawa mtu wa kula na kwenda chumbani kwake. Mezani dada alimsemesha, mara anajibu, mara anajitia hamnazo, akitafuna huku akitazama ukuta. Dada alivumilia, akidhani ni ukiwa, au kile kiburi chao cha kifamilia. Miezi ilipita. Kisha siku moja kaka akatangaza kwamba amempigia simu mwanawe; Jumapili ya nne kutoka siku ile kijana angekuja na gari kuzichukua spika, santuri na kila kitu.

"Umpe santuri zako?" dada alishtuka. "Zote?"

"Za nini? Nimeshazisikiliza."

Maneno hayo yalimchoma. Alijiona akikaa miaka iliyobaki na kaka aliyekuwa hai kwa hesabu tu. Akapiga moyo konde: kabla ya Jumapili hiyo kaka angekaa kwenye kiti kile, angesikiliza, na angeomba santuri ya pili. Na kwa kuwa alikuwa Mzee Pindo, alijua pa kuanzia. Kosa lilikuwa kwenye chumba.

Alipiga picha sebule yake bila kufagia, akapiga kofi, akavituma kundini. "Msikilizaji wangu analalamika kuwa gitaa la pili halisikiki," aliandika. "Spika ni nzima. Nisaidieni, nina wiki tatu."

Kundi lililipuka kwa furaha. Mzee Pindo mwenyewe anaomba msaada! Ushauri ulimiminika kama mvua. Kipimo alileta mchoro na pembetatu yake, na kwa mara ya kwanza dada hakubisha. Alitoa futi kamba, akapima, akasogeza kiti nusu shibiri nyuma. Akamshika kaka mkono, akamkalisha, akaweka santuri.

Kaka alisikiliza huku ameshika tama. "Gitaa la pili hakuna."

Nesi mmoja wa kundini akasema huenda spika ya kushoto ina hitilafu, basi zibadilishwe waya: ya kushoto iende kulia, na ya kulia kushoto. Dada akabadilisha. Kaka akakaa tena, na uso wake ukakunjuka ghafla.

"Ahaa! Gitaa limerudi."

"Umeona?" dada alirukaruka kama msichana. "Umeona sasa!"

"Ngoja kwanza. Tarumbeta limekwenda wapi?"

Tarumbeta lilikuwa halipo. Dada akainama kwenye spika, akalisikia likilia wazi kabisa. Akarudi kundini, na mia nne wakakuna vichwa. Kama kila kinachopelekwa kushoto kinapotea, walisema, basi ukuta wa kushoto ndio mwizi. Kuna dirisha kubwa huko? Lipo. Kioo? Kioo. "Mapazia, Mzee Pindo! Wewe tena wa kuambiwa?"

Alishona siku mbili bila kupumzika, akiwaweka wateja kando. Alichagua kitambaa kizito kuliko vyote alivyokuwa navyo, akakitia bitana mbili na mikunjo mara tatu ya upana, kazi ambayo hakuwahi kuifanya hata kwa mteja mwenye jumba. Alipokitundika, chumba kilinyamaza kiasi kwamba aliweza kusikia saa ya ukutani ikimeza mate. Kundi lilisikiliza kofi jipya na kushangilia. Kipimo aliandika: "Iko sawa. Iko sawa kabisa. Sijaona chumba kama hiki." Kwa Kipimo, hayo yalikuwa sawa na shairi.

Kaka akakaa. Santuri ikazunguka.

"Sasa hata lile kidogo nililokuwa nasikia limekwisha," alisema kwa upole. "Basi, mdogo wangu. Umejitahidi. Acha kijana avichukue."

Zilibaki siku tisa. Dada alikaa kwenye kiti kile akiwa mnyonge, santuri ikiendelea peke yake. Simu ikalia, ni daktari wa meno, ringi moja ya pazia imefyatuka. Akaibana simu kwenye sikio la kushoto na kumweleza namna ya kuirudisha. Daktari akaenda kutafuta ngazi, akimwacha akisubiri kwenye simu. Na katika kusubiri huko, dada akagundua kitu: tarumbeta halikuwapo.

Alitoa simu sikioni. Tarumbeta likaja, likichekelea upande wa kushoto. Akarudisha simu. Likapotea. Akatoa. Likaja.

"Hallo? Fundi? Nimeshapanda ngazi," sauti ya daktari iliita.

"Shuka, daktari," alisema kwa sauti isiyo yake. "Nitakupigia."

Alikumbuka mambo mengi kwa mkupuo. Kaka anayetembea daima kushoto kwa mtu, ili mtu awe kulia kwake. Kaka anayechagua kiti cha mwisho kwenye kila benchi. Meza yao ya chakula, ambako yeye mwenyewe alikaa, siku zote, kushoto kwa kaka. Karibu majuma mawili alikuwa amekitibu chumba kisicho na kosa. Amesikiliza kuta, dari, vioo, hata soksi za watu. Binadamu aliyekaa kwenye kiti hakumsikiliza.

Kaka alikuwa uani, ameinama akinoa patasi ambayo haikuwa na kazi. Dada akamjia taratibu upande wa kushoto na kusema kwa sauti ya kawaida:

"Kaka, nimechoma shati lako jeupe."

Kimya. Patasi iliendelea kulia juu ya jiwe.

"Nimegawa randa zako zote kwa majirani."

Kimya.

"Nimepata mchumba. Ana miaka thelathini na pikipiki."

Kaka akageuza patasi, akanoa upande wa pili. Dada akazunguka, akachuchumaa kulia kwake, akasema kwa sauti ileile:

"Nasema nimepata mchumba mwenye pikipiki."

Kaka aliruka nusura ajikate. "Nini? Nani? Pikipiki ya rangi gani?"

Kisha akamtazama machoni, akaelewa. Akaweka patasi chini.

"Umejua lini?" aliuliza.

"Sasa hivi tu. Na wewe?"

"Miaka mitatu. Ile mashine ya kuranda. Daktari alisema sikio halitarudi." Alijifuta mikono kwenye suruali, polepole. "La kulia ni zima kabisa, hili linanitosha kusikia matusi yako."

"Kwa nini hukusema?"

"Ukisema spika imekufa, mtu anakupa pole ya spika. Ukisema sikio, anakupa pole ya uzee, halafu anaanza kukupigia kelele kama uko ng'ambo ya mto. Mimi sitaki kupigiwa kelele. Na muziki wenyewe ukawa nusu. Kila wimbo naujua, najua nini kinakosekana. Afadhali kufunika."

Dada alitamani kumkumbatia, lakini katika familia yao mambo hayo hayakuwa na mazoea, kwa hiyo akamsukuma bega. "Na mimi nimekutundikia kilo ishirini za kitambaa."

"Nilikuwa nakuonea huruma," alisema kaka. "Ulivyokuwa unashona! Nikasema ngoja, pengine pazia litaotesha sikio."

Walicheka hadi jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama kuna heri.

Tatizo lililobaki lilikuwa kundi. Watu mia nne walikuwa wakisubiri matokeo, na dada aliapa kwamba hatatoboa siri ya mtu. Angewaambia tu kwamba ameshindwa, ingawa neno hilo Mzee Pindo hakuwahi kulitamka. Lakini asubuhi iliyofuata kaka aliomba simu. Alitaka kuuliza mwenyewe, alisema, kwa sababu swali ni lake. Akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, kila herufi akiipiga kana kwamba anapigilia msumari:

"Hapa si Pindo, ni msikilizaji wake. Chumba hakina kosa. Mimi sikio la kushoto halifanyi kazi. Naomba kujua kama pembetatu yenu ina nafasi ya mtu kama mimi au niachane na muziki. Nijibuni bila pole."

Kundi ambalo halikunyamaza hata siku ya uchaguzi lilinyamaza. Kipimo, ambaye jina lake huonekana likiandika kabla swali halijaisha, alionekana anaandika, akaacha, akaandika, akaacha. Dada alianza kumwandalia maneno makali endapo angeleta mchoro.

Kisha jibu likaja, bila mchoro.

"Mimi pia. La kulia. Mwaka wa tisa huu."

Dada alisoma mara mbili, akamsomea kaka upande wake mzuri. Kaka alichukua simu kwa haraka ambayo dada hakuwa ameiona kwake tangu ahamie.

"Yaani wewe unayetupangia pembetatu huisikii?" aliandika.

"Naiona kwenye mchoro," Kipimo akajibu. "Nilipoacha kuisikia, nikaanza kuipima. Nilitaka wengine waipate. Sijawahi kumwambia mtu hapa, wala sijui kwa nini nakuambia wewe."

"Na wewe unasikilizaje?"

"Sisikilizi. Napima tu."

"Bwana wee," kaka aliandika, "sisi ni wajinga wawili wenye masikio mawili."

Hapo ndipo kundi lilipofunguka kama mfereji. Nesi alisema baba yake yuko hivyohivyo. Karani wa mahakama akakiri kwamba la kwake linavuma kama nyuki tangu utotoni. Na muuza vipuri, ambaye siku zote alikuwa mtu wa mizaha, akauliza kwa unyenyekevu: hiyo amplifaya ya zamani, haina kitufe kidogo karibu na swichi, kile cha kuchanganya pande mbili ziwe moja, ili kila spika itoe muziki mzima? Mbona watu hawakigusi kamwe?

Kaka na dada walitazamana. Wakaondoa shuka, ambalo kaka alikuwa amelirudisha. Kitufe kilikuwapo, kimezibwa na vumbi la miaka. Kaka alikinyooshea kidole, kisha akakirudisha kidole nyuma.

"Subiri," alisema. "Kama ni moja, basi iwe moja ya maana."

"Kaka, bonyeza tu tusikie!"

"Nikisikia sasa, nitaridhika. Sitaki kuridhika na maboksi yaliyochongwa kwa ajili ya mtu mwenye masikio mawili."

Siku hiyo akaanza kutengeneza boksi moja kubwa la kubeba spika zote mbili kwa pamoja, moja juu, moja chini. Kipimo alitaka kutuma michoro kwa njia ya simu, na kabla ya kutuma akapiga.

"Naomba kuongea na Mzee Pindo," sauti nzito ilisema.

"Ndiye mimi," alisema fundi.

"Mama... samahani, nimemwomba mzee."

"Na mzee ndiye huyu, mwanangu, ana gauni na miwani. Leta michoro, seremala anasubiri."

"Mimi si mwanao, dada. Nina miaka sitini na mbili."

"Basi ni mdogo wa kaka. Karibu ukosolewe."

Naye alikosolewa kweli. Kaka alisema boksi la Kipimo lina kina kidogo, Kipimo akasema hesabu haidanganyi, kaka akasema mbao nazo hazidanganyi. Walibishana kwa simu asubuhi na jioni kama watu waliooana. Pazia lile zito la kushoto liliteremshwa, likakatwa, likawa bitana ya ndani ya boksi. Dada hakusikitika hata kidogo. Alishika mkasi mwenyewe.

Jumapili mtoto wa kaka alifika na gari lake, kamba na blanketi za kufungia mzigo vikiwa tayari. Alimkuta baba yake uani, mweupe kwa unga wa mbao hadi kwenye nyusi.

"Baba, shikamoo. Spika ziko wapi?"

"Marahaba. Njoo upande huu uongee. Huo wa kushoto umefungwa." Kijana alihama, asielewe, na kaka akamweleza kwa maneno mawili, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Usinipe pole. Shika ubao huu."

"Nimeendesha saa tano, baba."

"Ndiyo maana una nguvu. Shika."

Kijana alishika ubao hadi jua likapinda, akarudi na gari tupu, huku akiimba. Shangazi yake alimfungia pipi za gubiti za njiani na kumwambia Jumamosi asikose.

Maana Jumamosi ndiyo siku. Kipimo anakuja mwenyewe, kwa basi la asubuhi, pamoja na nesi, karani na muuza vipuri. Watu ambao hawajawahi kuonana ana kwa ana na ambao wanajuana hadi soksi. Gundi imekauka, boksi limesuguliwa kwa msasa hadi linateleza, waya zimefungwa, kila upande wa amplifaya na spika yake. Halijapigwa hata mara moja. Kaka amekataa katakata.

"Nikilijaribu nitaanza kurekebisha," anasema, "na nikianza kurekebisha mgeni atakuta vipande."

Suala la viti ndilo lililowachukua muda mrefu, hadi dada alipochora chaki sakafuni. Kaka anasikia kwa kulia, Kipimo kwa kushoto. Basi kaka atakaa upande huu, Kipimo upande ule, na boksi litasimama katikati yao, kila mmoja akilipa sikio lake zima. Wakitaka kubishana, jambo ambalo halina shaka, kila mmoja pia atamsikia mwenzake vizuri bila kugeuza shingo. Umbo hilo si pembetatu. Kipimo alipotumiwa picha ya chaki hiyo aliandika neno ambalo kundi lote lililihifadhi: "Tamu."

Ijumaa jioni kaka alipiga pasi shati lake mwenyewe, jambo ambalo halijaonekana tangu aoe. Sasa ni Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi. Kreti sita zimepangwa ukutani, na ugomvi ni santuri ipi iwe ya kwanza. Dada anataka ile yenye gitaa la pili. Kaka anataka ile ya tarumbeta. Mtoto wake, aliyefika mapema kuliko alivyowahi kufika popote, anasema wapige sarafu, na wote wawili wanamwambia anyamaze.

Simu inalia mezani. Ni ujumbe wa nesi: basi limeshaingia stendi, wanatafuta teksi, na Kipimo ameshuka na kinyonga cha kupimia sauti mfukoni, lakini ameapa hatakitoa.

"Kitu gani?" kaka anauliza.

"Kifaa chake cha kupimia. Karani anakiita kinyonga kwa sababu kinabadilika rangi."

"Asithubutu." Kaka anaikagua santuri ya tarumbeta kwenye mwanga, anaipuliza vumbi ambalo halipo, kisha anaiweka chini na kuichukua ile ya gitaa. Anamtazama dada yake. Anazichukua zote mbili, moja kila mkono, anaenda kusimama dirishani, akiwa amelielekeza barabarani lile sikio lake la kulia.

"Nyamazeni," anawaambia, japo hakuna anayesema. "Kuna gari linapunguza mwendo."